Damu ya mchimbaji inafungwa bila kisu

Katika mashimo yetu, mtu akitapika damu, neno la kwanza linalosikika si «lopitali». Ni «karuho». «Bamemupatia sumu!» Hapo hapo watu wanaanza kuhesabu: juzi alikunywa na nani, PDG gani wa shimo alikuwa na maneno naye, jirani gani alimletea chakula. Familia inakimbilia kwa muzee anayejua dawa ya kutapisha sumu. Mgonjwa anapewa kikombe, anatapika tena, damu inaongezeka, na mara nyingi asubuhi kilio kinaanza. Nyuma ya kilio kinakuja kisasi, kwa sababu kuna jina la mtu lililokwisha kutajwa.

Wandugu wachimbaji, nanyi wamama munaobaki nyumbani mukingoja simu kutoka kwenye kare, sisi wa sendika tunataka kusema nanyi juu ya hiyo damu. Mara nyingi inatoka katika mishipa iliyovimba ndani ya njia ya chakula na ndani ya tumbo. Ina sababu inayojulikana. Na tangu miaka mingi ina matibabu ambayo daktari anayafanya bila kupasua mtu: anaingia kwa njia ya mdomo, anaona mshipa unaovuja, anaufunga. Mtu aliyefungwa vizuri anaweza kurudi kwa watoto wake. Kinachotuua ni saa chache zinazopotea, mashini inayokosekana, na feza ambayo sheria imekwisha kuonyesha mahali inapaswa kutoka.

Barabara imefungwa ndani ya ini

Damu yote inayotoka kwenye matumbo na kwenye bandama inakusanyika katika mshipa mmoja mnene unaoingia ndani ya ini. Madaktari wanauita mshipa wa porta, ni kusema mshipa wa mlango. Ini linaisafisha ile damu, kisha linaiachilia iende kwenye moyo. Kwa mtu mwenye afya, damu hiyo inapita polepole, kwa nguvu ndogo.

Sasa ini likijaa makovu, damu haipati pa kupita. Fikirini barabara ya Goma kwenda Sake siku inapofungwa. Magari makubwa yanasimama mstari, nazo moto zinaanza kupita katika vichochoro na njia za mashamba. Damu nayo inatafuta vichochoro vyake: mishipa midogo ya chini ya njia ya chakula, na ile ya juu ya tumbo. Hiyo mishipa haikuumbwa kubeba mzigo kama huo. Inavimba, inapindapinda, na ngozi yake inakuwa nyembamba. Madaktari wanapima tofauti ya nguvu ya damu mbele ya ini na nyuma ya ini. Kwa kawaida haipiti 5 kwa kipimo cha milimeta za zebaki. Ikifika 10, mishipa inaweza kuanza kuvimba. Ikifika 12 na kupita, inaweza kupasuka.

Ikipasuka, mara nyingi haiumi. Mtu anasikia kichefuchefu tu, kisha anatapika damu nyekundu, pengine na mabonge, pengine kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Mwingine hatapiki, lakini choo chake kinakuwa cheusi kama lami na harufu yake ni kali. Njo maana watu wanasema sumu: jana alikuwa anabeba mifuko ya mchanga kama kawaida, leo analala katika damu yake. Lakini mishipa ile ilikuwa inavimba tangu miaka mingi, polepole, bila kusema neno.

Kidonda cha tumbo nacho kinaweza kumtapisha mtu damu. Hakuna anayeweza kutofautisha hayo mambo kwa macho akiwa amesimama kando ya shimo. Na kama familia inafikiri kweli ni sumu, mahali pa kuhakikisha ni hospitali, si kwa jirani.

Maji tunamoosha mchanga

Juu ya nini ini la kijana wa miaka 30 linajaa makovu? Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza inatuhusu sana sisi watu wa mchanga na maji. Ni bilharziose ya matumbo; Watanzania wanaiita kichocho. Minyoo yake ilionwa kwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, pale Kairo mwaka 1851. Njia yake ni hii: mtu mwenye ugonjwa anakwenda choo karibu na mto. Mayai ya minyoo yanaingia katika maji, yanaanguliwa, na vidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo wanaopenda maji yanayotembea polepole. Kutoka kwa konokono vinatoka vidudu vingine, visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinatoboa ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Hauhitaji kunywa yale maji. Kusimama ndani mpaka magoti ukiosha mchanga, inatosha.

Ndani ya mwili, minyoo inakaa katika mishipa ya matumbo, dume na jike pamoja, na jike moja linaweza kutaga mayai karibu 300 kwa siku. Mayai mengine yanatoka na choo. Mengine yanabebwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama pale, na mwili unayazungushia kovu. Mwaka 1904, daktari Symmers aliyekuwa Kairo alieleza namna ini hilo linavyoonekana likikatwa: makovu meupe, magumu, yaliyozunguka mishipa kama mirija ya kiko cha udongo. Mpaka leo madaktari wanatumia mfano wake.

Ugonjwa huu uko kwenye mwambao wa Ziwa Albert, upande wa Ituri na upande wa Uganda. Uko kuzunguka Ziwa Victoria. Uko Maniema. Uko Sud-Kivu, na pale Lwiro watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Sayansi ya Asili wamewafuata hao konokono katika mito. Mutasema: «Sisi tuko Rubaya, juu ya milima, baridi kali, inatuhusu nini?» Mchimbaji hakai mahali pamoja. Mwaka huu uko Rubaya. Mbele ulikuwa Walikale. Mbele zaidi Kalima, ao Mongbwalu. Minyoo hiyo inaishi ndani ya mwili miaka mingi, na makovu yanachelewa kuonekana. Unaweza kutapika damu Masisi juu ya maji uliyoyakanyaga penginepo ukiwa kijana.

Sababu ya pili ni virusi vya hepatiti B na C. Hepatiti B inapita katika damu, katika kulala pamoja, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa, na kwenye wembe mmoja unaonyoa vichwa kumi. Watoto wetu wanaopelekwa kwenye chanjo wanapata kinga yake. Sisi wakubwa, wengi hatukuipata. Sababu ya tatu munaijua: pombe kali ya kila siku, kanyanga na ndugu zake.

Kuna tofauti moja ambayo inapaswa kututia moyo. Kwa mtu aliyeharibiwa ini na pombe ao na hepatiti, ini lenyewe linachoka, na hata damu ikisimama kazi ingine inabaki kubwa. Lakini kwa mtu wa bilharziose, mara nyingi ini linaendelea kufanya kazi yake. Kilichoharibika ni njia ya damu. Mtu huyo, damu yake ikisimamishwa na mishipa yake ikifungwa, anaweza kuishi miaka mingi. Tunamzika mtu ambaye angeweza kufanya kazi na kusomesha watoto.

Zamani walikuwa wanapasua

Zamani madaktari walikuwa na kisu tu. Katika miaka ya 1940, kule New York, walianza kupasua tumbo na kushona mshipa wa porta kwenye mshipa mwingine, ili damu ipite kando ya ini. Damu ilisimama, lakini wengine walichanganyikiwa akili, kwa sababu damu isiyosafishwa na ini ilifika kwenye ubongo. Misri, ambako bilharziose iliwatesa wakulima wa Mto Nile kwa karne nyingi, daktari Hassab wa Alexandria alieneza njia nyingine: kutoa bandama na kukata mishipa inayopeleka damu kwenye ile iliyovimba. Ilisaidia wengi. Lakini ni upasuaji mkubwa, kwa mtu ambaye amekwisha kupoteza damu, na unahitaji chumba cha upasuaji kilicho tayari.

Njia ya mdomo ilianza Stockholm mwaka 1939, pale madaktari wawili, Crafoord na Frenckner, walipomchoma mgonjwa sindano ndani ya mshipa uliovimba ili ukauke. Wakati ule bomba lilikuwa la chuma, gumu. Baadaye yakaja mabomba laini yenye taa na kamera. Na mwaka 1986, huko Denver, Marekani, daktari Stiegmann na wenzake wakatangaza njia ambayo leo njo ya kwanza ulimwenguni: kuufunga mshipa na elastiki.

Elastiki kama ya makuta

Munajua wabadilishaji wa feza hapa Goma namna wanavyofunga makuta: elastiki moja, fungu limekaza. Njia ya daktari inafanana na hiyo.

Mgonjwa kwanza anapewa maji ya mshipa na damu, mpaka moyo utulie. Kisha analazwa upande wa kushoto, anapewa dawa ya kumtuliza. Daktari anapitisha mdomoni bomba laini, unene wake karibu na kidole, lenye kamera kwenye ncha. Kwenye televisheni anaona njia ya chakula yote mpaka tumboni. Akikuta mshipa uliovimba, anauvuta kidogo ndani ya kikopo kidogo kilicho kwenye ncha ya bomba, na elastiki inaachiliwa: inakaza shingo ya ule mshipa. Damu haipiti tena. Kwa siku chache kile kipande kinakauka, kinaanguka chenyewe, kinapita na choo, na mahali pake panabaki kovu. Mara moja daktari anaweza kufunga mahali 5, 6, 7. Hakuna kisu, hakuna uzi, hakuna kidonda kwenye ngozi.

Lakini musikie vizuri: mara moja haitoshi. Mgonjwa anapaswa kurudi kila baada ya juma 2 mpaka 4, hadi mishipa yote iishe, kisha kupimwa tena mara kwa mara. Wengi wanasikia wamepona, wanapanda moto kurudi shimoni, na damu inarudi nyuma yao. Tunawaomba wamama mulishike hilo neno: kama daktari amesema rudi tarehe fulani, tarehe hiyo ni dawa.

Kama mshipa unaovuja uko ndani ya tumbo lenyewe, elastiki mara nyingi haifai. Pale wanatumia gundi ya pekee, jamaa ya ile gundi ya haraka munayoijua, inayochomwa na sindano ndani ya mshipa na kuganda mara moja. Hiyo nayo ilianza kutangazwa mwaka 1986, kule Hamburg, na daktari Soehendra.

Na kama vyote vimeshindwa, iko njia ya kupita ndani ya mishipa. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye shingo, anateremsha uzi wa chuma ndani ya mshipa mpaka kwenye ini huku akiangalia kwa mashini ya picha, kisha anafungua katikati ya ini barabara mpya, anaishikilia na kibomba cha chuma ili isifunge tena. Wazo hilo lilitoka kwa daktari Rösch, aliyelijaribu kwa mbwa mwaka 1969. Mtu wa kwanza kuwekewa kibomba cha chuma alitibiwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1988. Wajapani nao wakaleta njia ya kupita kwenye mshipa wa nyonga ili kuziba ile mishipa ya tumbo kutoka upande wa nyuma. Kazi hizi zinahitaji chumba cha pekee na mtu aliyezisomea. Lakini tusifikiri ni mambo ya wazungu tu: tangu 2018, Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili na chuo chake walianza, pamoja na walimu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, kufundisha madaktari Watanzania kutibu kwa kupita ndani ya mishipa. Watu wa huku huku wamekwisha kuisoma hiyo kazi.

Jirani zetu wameonyesha

Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, iko hospitali ya Bugando. Inapokea watu wa nchi ya wavuvi na wachimbaji, pamoja na wale wa Geita, mji wa dhahabu. Madaktari wake walifuata wagonjwa waliofika wakitapika damu, na mwaka 2014 walitangaza walichokiona: wengi walikuwa na mishipa iliyovimba, na bilharziose ilikuwa nyuma ya sehemu kubwa. Waliona pia kwamba wengine walikufa mbele ya kamera kuwafikia. Ndugu, Mwanza na sisi tunafanana kwa maji, kwa kazi, na kwa umaskini. Tofauti ni kwamba wao wana kamera, na kwa hiyo walipata kujua kinachowaua watu wao. Sisi tunasema karuho na kuzika.

Kinini cha bei ndogo

Kuna dawa ambayo imekuwa katika maduka yetu tangu zamani: propranolol. Watu wengi wanaijua kama dawa ya moyo na ya tension. Mwaka 1980 na 1981, daktari Lebrec na wenzake wa hospitali ya Beaujon, pale Clichy karibu na Paris, walionyesha kwamba inapunguza nguvu ya damu katika mshipa wa porta, na waliokwisha kutapika damu wanarudia mara chache zaidi. Mwaka 1994, Sudani, watafiti waliijaribu kwa wagonjwa wa bilharziose wenyewe na kuona nao wanasaidiwa. Kinini hiki hakisimamishi damu inayotoka sasa. Ni cha kuzuia isirudi, pamoja na elastiki, ao peke yake pale elastiki haipatikani. Haifai kwa mtu wa asma, na kipimo chake ni cha daktari. Usikimeze kwa sababu mwenzako anakimeza.

Dawa ya minyoo yenyewe ni praziquantel. Inapimwa kwa uzito wa mtu, na inameza minyoo kwa siku moja. Makovu ya zamani haiyafuti yote, lakini inazuia mapya. Tangu 2007 kampuni ya Merck ya Ujerumani inaitoa bure kupitia Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, kwa nchi za Afrika. Kwa muda mrefu iligawanywa zaidi mashuleni. Lakini mwaka 2022 OMS ilisema wazi: mahali ugonjwa umeenea, wapewe watu wote kuanzia miaka 2, na wakubwa pia. Mchimbaji hayuko shuleni. Kama kinini hakifiki kwenye kare, hakimfikii.

Mtu akitapika damu kwenye kare

Haya maneno muyasome kwa sauti kwa wale wasiosoma.

Mulaze upande, kichwa chini kidogo, ili damu isiingie kwenye mapafu. Mufunike asisikie baridi. Musimpe chakula, wala maziwa, wala pombe, na zaidi ya yote musimpe dawa ya kutapisha. Kumtapisha mtu ambaye mshipa wake umepasuka ni kuupasua zaidi.

Musingoje asubuhi kuona kama «itasimama». Inaweza kusimama saa chache na kurudi kwa nguvu kuliko mbele. Hata katika hospitali kubwa za Ulaya, kati ya wagonjwa 100 wa ini waliotokwa damu namna hii, 15 mpaka 20 wanakufa ndani ya juma 6. Sisi tunaotoka mbali, kila saa inatuhesabu.

Munapompeleka, mtu mmoja apige simu mbele: «Tunaleta mutu anatapika damu, muko na damu? Muko na mashini ya kuangalia tumbo?» Jibu la swali la pili litawaonyesha mahali pa kwenda, isiwe kuzunguka na mgonjwa kutoka mlango kwa mlango. Mgonjwa asipande moto katikati ya watu wawili kama kuna gari. Ndugu wawili ao watatu wenye nguvu waende pamoja naye kwa kutoa damu. Mumwambie muganga kila mahali alipofanya kazi katika maji, kama anakunywa pombe, na kinini gani amemeza.

Kwa kituo kidogo cha afya kisicho na kamera, kazi iko pia: kuweka maji ya mshipa, kupima damu, kuanza antibiotiki, na dawa ya kupunguza nguvu ya damu kama iko, kisha kumpeleka mbele. Kuhusu damu ya kuongezewa, watafiti wa Barcelona walionyesha mwaka 2013 kwamba kujaza damu kupita kiasi kunaweza kudhuru, sababu nguvu ndani ya mshipa inapanda tena. Basi familia isigombane na muganga akisema chupa hizi zinatosha.

Na jambo la kila siku. Mgongo ukiuma jioni, wengi wetu tunameza ibuprofène, diclofenac, Indocid, kama karanga. Hizo dawa zinachokoza tumbo na zinasaidia damu kutoka. Mtu mwenye uvimbe chini ya mbavu za kushoto, pale bandama inapokaa, ao mwenye tumbo la maji, ao aliyewahi kuona choo cheusi, asizimeze bila kumuuliza muganga. Huyo aende kupimwa choo, hepatiti, na ekografi mbele damu haijatoka.

Feza iko wapi

Sasa tuje kwenye maneno ya sendika. Mwenye mkataba wa kazi analindwa na Sheria ya Kazi ya 2002: mwajiri anapaswa kubeba matunzo ya mfanyakazi na ya jamaa yake, pamoja na kulazwa na dawa, mpaka mkataba uishe. Mtu asikuambie kamera ya tumbo ni kitu cha watajiri. Kama daktari ameiandika, ni matunzo. Lete karatasi kwa délégué wako.

Mchimbaji wa mkono hana mkataba. Ana karata, kooperative, na mikono yake. Kwake yeye tunaangalia Sheria ya Madini iliyobadilishwa mwaka 2018. Inasema katika kodi ya madini inayolipwa na makampuni yenye vibali, 25 kwa 100 iende kwa provinsi na 15 kwa 100 iende kwa chefferie, sekta ao mji ambako mchanga unatoka. Inasema pia kampuni itoe angalau 0,3 kwa 100 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Hizo feza zimejenga soko hapa, ofisi kule. Tunauliza: zinaweza kununua kamera ya tumbo? Zinaweza kutuma madaktari wawili wa Nord-Kivu kwenda kusoma Mwanza ao Kigali na kurudi?

Tunasema madaktari wawili, kwa sababu mmoja akisafiri ao akigonjwa, mashini inalala. Na tunasema mashini pamoja na elastiki zake, dawa ya kuisafisha baada ya kila mgonjwa, na umeme wa hakika. Tumezoea vifaa vinavyokuja na picha na hotuba, kisha vinabaki kwenye karatoni kwa sababu hakuna aliyehesabu vitu vidogo. Kamera isiyosafishwa vizuri inaweza kumpa mgonjwa wa pili hepatiti ya mgonjwa wa kwanza.

Kwa kooperative tunapendekeza jambo ambalo halingoji Kinshasa. Kila mfuko unaotoka shimoni unakatwa hapa na pale, na kila mtu anajua mikono inayokata. Ukatwe kidogo kimoja kinachoandikwa katika daftari, kinachosomwa mbele ya watu wote kila mwezi, kwa ajili ya safari ya hospitali na matunzo ya kwanza. PDG aanze, kisha wachimbaji, kisha wanunuzi. Kila kare ichimbe choo mbali na maji ya kuosha. Na muganga mkuu wa eneo la afya aandikiwe barua, yenye sahihi za watu, kuomba praziquantel kwa wakubwa mahali ambako vipimo vinaonyesha ugonjwa uko. Sendika iko tayari kusaidia kuandika hiyo barua; délégués wetu wana mfano wake.

Tunamalizia na wale waliokwisha kufiwa. Kuna familia ambazo mpaka leo hazisalimiani na jirani, sababu baba alitapika damu usiku mmoja na jina likatajwa. Hatuwezi kuwarudishia mtu wao. Lakini tunawaomba mukae chini na muganga, mumweleze yaliyotokea: tumbo lilikuwa namna gani, choo kilikuwa rangi gani, alifanya kazi katika maji ya wapi. Pengine atawaonyesha jambo ambalo jirani hakulifanya. Na watoto wa marehemu, waliooga katika maji yale yale, wapelekwe kupimwa hii juma.